Habari za Chemirocha

Wako watu, msomaji, wakusanyao stampu za barua, na wako wakusanyao vipepeo. Mimi hukusanya vituko visivyo na makao: habari zilizokosa nafasi katika vitabu vya historia kwa sababu ni ndogo mno, zikakosa nafasi katika vitabu vya hadithi kwa sababu ni za kweli. Katika mkusanyo wangu huo sina kitu nikipendacho kuliko wimbo mmoja wa wasichana wa Kipsigis, usiotimia dakika mbili, ulionaswa Kapkatet katika mwaka 1950. Ukiondoka hapa kwetu Kipkelion ukapita Kericho, kisha ukaishika barabara ya Sotik katikati ya mashamba ya chai, utapita Litein, na mbele kidogo utafika Kapkatet. Ni safari ya asubuhi moja. Lakini wimbo wenyewe, kabla haujanifikia mimi niliye jirani, ulikwisha kwenda Afrika Kusini, na Ulaya, na Marekani.

Wimbo huo wamwimba mtu aitwaye Chemirocha. Wasichana wanamwita, kinubi kikiwafuata, nao wanasema kuwa yeye ni nusu mtu na nusu paa, na kwamba miguu yake ni miguu ya mnyama. Tena wanamhimiza aicheze ngoma ya kuruka, ile waijuayo Wakipsigis wote, aruke kwa nguvu hata aitoke nguo yake mwenyewe. Sasa lishike jina hilo ulitamke polepole: Che-mi-ro-cha. Litamke tena kwa haraka, huku ukiimeza irabu ya mwisho. Kama hujatambua bado, nitakuambia. Mtu huyo mwenye miguu ya paa ni Jimmie Rodgers, Mmarekani, mwimbaji wa nyimbo za mashamba na za njia ya reli, aliyefariki katika mji wa New York tarehe 26 Mei 1933 bila kuijua Kapkatet wala kujulikana kwa sura na mtu yeyote wa huko.

Yafaa nikueleze kwanza habari za Rodgers huyo, maana ndiye mzizi wa jambo. Alizaliwa mwaka 1897, na mji uliojulikana kuwa wake ni Meridian katika jimbo la Mississippi. Tangu ujana alifanya kazi ya reli, nayo kazi yake kubwa ilikuwa kushughulikia breki za mabehewa. Sisi wa Kipkelion, ambao mji wetu ulianza kama kituo cha reli iendayo Kisumu, twaweza kumwelewa mtu wa namna hiyo kwa urahisi: anayejua mteremko, moshi, na filimbi ya usiku. Katika mwaka 1924 aligunduliwa kuwa na kifua kikuu, maradhi ambayo siku hizo hayakuwa na dawa ya kuyaponya. Kazi ya reli ilipomshinda alishika gita. Mwezi wa Agosti 1927, katika mji mdogo uitwao Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, aliimba mbele ya mashine ya kampuni ya Victor, na kwa muda wa miaka sita iliyofuata sahani zake za santuri zilienea duniani. Siku zake za mwisho aliimba akiwa dhaifu hata akawekewa kitanda chumbani mle mle mwa kunasia sauti, ajinyoshe kati ya wimbo na wimbo. Siku mbili baada ya wimbo wa mwisho alifariki, akiwa na umri wa miaka 35.

Lililomtofautisha na waimbaji wenziwe ni namna alivyoifanya sauti yake. Alikuwa akiimba kwa sauti ya kifuani kama watu wote, halafu kwa ghafula, bila kuvuta pumzi, aliirusha sauti juu kabisa, ikalia nyembamba kama ya mtoto, ikaanguka tena, ikaruka tena. Mtindo huo hauna maneno. Ni sauti tupu inayoruka vizingiti. Kumbuka jambo hili, kwani nitalirudia.

Sahani hizo zilifika mpaka katika nchi yetu ya milima. Mtu aliyeunasa wimbo wa Kapkatet alidhani kuwa sahani za Rodgers zilikuwa miongoni mwa za kwanza kusikiwa katika wilaya ile. Wewe uliyekulia katika nyumba yenye redio na simu ya mkononi, jaribu kuufikiria mshangao huo. Sanduku la mbao linakazwa ufunguo ubavuni kama saa. Sahani nyeusi inazunguka. Sindano inakwaruza, na mtu asiyekuwapo anaimba. Hana uso, hana mikono, hana mavazi, wala lugha yake haieleweki. Kilichoingia masikioni mwa wasikilizaji ni vitu vitatu tu: jina, nyuzi za gita, na ile sauti irukayo. Kiwiliwili hakikuletwa, na wasichana wakakitengeneza.

Kwanza walilitengeneza jina. Ndugu msomaji, usicheke haraka. Lugha ya Kipsigis haitenganishi sauti ya j na sauti ya ch, wala haina z, kwa hiyo Jimmie lazima awe Chemi, na Rodgers lazima awe Rocha. Majina hayo mawili yakaunganishwa yakawa moja, na jina hilo moja likatokea kufanana na majina ya nyumbani: Chemutai, Chelangat, Cheruiyot. Mgeni alivuliwa viatu mlangoni akavikwa ngozi. Hayo ndiyo yafanywayo na kila lugha iliyo hai, na Kiswahili chetu ndicho hodari kupita nyingi. Waarabu walituletea neno lao la kitabu, ambamo ki ni sehemu ya shina lenyewe. Sisi tukaiona kuwa ni ki kama ya kisu na kiti, tukazaa vitabu. Waingereza waliweka vibao barabarani vya kuamrisha madereva wabaki upande wa kushoto, nasi kutokana na maneno hayo mawili ya amri tukapata jina la mzunguko wa barabara, kipilefti, na ikiwa ni mingi, vipilefti. Sijamsikia mwalimu yeyote wa sarufi akililia kosa hilo. Mimi mwenyewe nikilisomesha darasani hulisomesha kwa furaha.

Kisha walimtengenezea miguu, na hapa ndipo yalipo mabishano.

Aliyeunasa wimbo ule ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1903 katika Devon, akaja Rhodesia ya Kusini akiwa kijana ili alime tumbaku na kaka yake. Huko alizipenda nyimbo za Waafrika aliofanya nao kazi shambani, akaacha tumbaku, akatumia maisha yake yaliyobaki kuzunguka Afrika na mashine za kunasia sauti. Ndiye pia aliyemnasa Jean Bosco Mwenda, mpiga gita wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili, katika mwaka 1952. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika katika Afrika Kusini, na sahani zilizotolewa na maktaba hiyo kwa jina la Sauti ya Afrika zilizidi 200. Alifariki mwaka 1977. Haifai kumdharau mtu huyo. Isingekuwa yeye, mamia ya nyimbo za babu zetu yangezikwa pamoja nao.

Hata hivyo lazima niseme lililo moyoni. Alipoandika maelezo ya wimbo wa Chemirocha, Tracey alisema kwamba mwimbaji yule wa ajabu amegeuzwa kuwa mungu Pan wa wenyeji. Pan, kwa asiyemfahamu, ni mungu wa wachungaji wa Wayunani wa kale, mwenye mwili wa mtu, na miguu na pembe za mbuzi, apigaye filimbi porini. Tangu hapo, kila aiandikaye habari hii ng'ambo huongeza kijiko chake cha sukari, hata leo utasoma kwamba Wakipsigis waliamini kuwa Jimmie Rodgers ni mungu, au kwamba walimwabudu. Lakini angalia alilolifanya Tracey. Alisikia kitu kigeni kwake, akakitafutia umbo katika vitabu alivyosomeshwa utotoni, akakiona Pan. Wasichana nao walisikia kitu kigeni kwao, wakakitafutia umbo katika mambo waliyosimuliwa utotoni, wakakiona paa. Ni kazi moja hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba mmoja aliifanya kwa wino, ikaitwa elimu. Wengine waliifanya kwa kuimba, ikaitwa imani.

Wala katika masimulizi yetu viumbe vya nusu kwa nusu si haba. Mwaka 1909 Mwingereza A. C. Hollis alichapisha kitabu juu ya Wanandi, ndugu zetu wa karibu, na ndani yake amemtaja Chemosit, dubwana ambaye nusu yake ni mtu na nusu ni ndege, mwenye mguu mmoja, matako tisa, na kinywa chekundu king'aacho usiku kama taa. Watoto wa huku bado hutishwa kwa jina lake wakikataa kulala. Msichana aliyelelewa na Chemosit hahitaji Myunani wa kumfundisha jinsi ya kuunga mtu na mnyama. Na matako tisa, msomaji, hayakubuniwa na watu wasiojua mzaha.

Hayo ya kukosea kwa fahari hayakuanza Kapkatet, wala si ya watu wasiokwenda shule. Katika mwaka 1415 wajumbe kutoka Malindi, katika pwani yetu, walimpelekea Mfalme Yongle wa Uchina zawadi ya twiga. Uchina wakati ule ilikuwa na wanachuoni wengi, na mitihani yake ilikuwa migumu. Nao wanachuoni hao walipomwona twiga walisema huyu ni qilin, mnyama wa ngano zao mwenye mwili wa swala, mkia wa ng'ombe na kwato, ambaye hujitokeza duniani kwa nadra wakati wa utawala wa haki. Mnyama ambaye Mswahili wa Malindi alimjua kuwa hula majani ya migunga akapokewa kama bishara ya mbinguni. Mia moja ya miaka baadaye Albrecht Dürer, mchoraji mkubwa wa Ujerumani, alichora kifaru asiyemwona kwa macho, kwa kutegemea barua na mchoro wa mtu mwingine, akamvika mabamba kama askari wa chuma na pembe ndogo ya pili begani. Picha hiyo ya mwaka 1515 hutunzwa katika majumba ya makumbusho, na watu hulipa kiingilio.

Nasi pia tuliundiwa miguu na wageni. Mji huu ninaoandikia, kabla ya kuitwa Kipkelion, uliitwa Lumbwa, na kwa muda mrefu Wakipsigis wote waliitwa Walumbwa katika ramani na nyaraka za serikali. Wenyewe hawakujiita hivyo kamwe. Ni jina lililochukuliwa kwa majirani, likaandikwa kwenye kibao cha stesheni. Jina la nchi yenyewe, Kenya, limefika katika ramani kwa kupitia sikio la Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyeuona mlima kutoka Ukambani mwaka 1849, akaandika namna alivyosikia Wakamba wakiutaja. Kwa hiyo mkiwapima wasichana wa Kapkatet, wapimeni kwa mizani waliyopimiwa mabwana hao.

Je, waliamini? Mimi nadhani hawakuamini, nami nina sababu mbili. Ya kwanza ni wimbo wenyewe. Mungu haambiwi aruke mpaka nguo imvuke. Huo ni utani wa wasichana kwa mvulana hodari wa ngoma, na kila mtu aliyewahi kusimama pembeni mwa ngoma anautambua. Sababu ya pili ni ile sauti ya Rodgers niliyokuomba uikumbuke. Isikilize inavyotoka chini, inavyochupa, inavyogusa juu kidogo tu na kutua na kuchupa tena. Kama ungeambiwa umpe mwenye sauti hiyo miguu, ungempa ipi? Usingempa ya ng'ombe. Ni dhana yangu tu, wala sina ushahidi wa kuweka mezani, lakini naona kwamba miguu ya paa haikutoka katika ujinga wa wasichana bali katika usikivu wao. Wahakiki wa Marekani wameandika vitabu juu ya sauti hiyo bila kuieleza kwa ufupi kama huo.

Lipo jambo moja katika habari hii lisilochekesha. Sahani ya Tracey ina nyimbo tatu za jina hilo la Chemirocha. Mbili zimeimbwa na wanaume. Ya tatu ndiyo hii iliyopata sifa, na iliandikiwa jina moja, Chemutoi Ketienya, pamoja na wasichana wa Kipsigis. Hao wasichana wengine hawana majina. Sauti zao zimesikiwa London na New York, zimewekwa katika maktaba na kuchezwa redioni, na hatujui wao walikuwa akina nani, binti za nani, wala waliolewa wapi. Kwa miaka mingi nyumbani kwao wenyewe wimbo haukuwapo. Mnamo mwaka 2015, baada ya miaka 65, maktaba aliyoianzisha Tracey, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi inayoongozwa na Tabu Osusa, walizirudisha nyimbo hizo kwa watu wa Kapkatet. Wakamkuta hata mzee aliyekuwa miongoni mwa walioimba mwaka ule. Ni tendo jema, nami nalisifu. Lakini miaka 65 ni umri wa mtu, na walio wengi hawakuusubiri.

Rodgers naye, kwa upande wake, hakuondoka kwetu. Nyimbo za mtindo wake zinapendwa Kenya mpaka leo. Elvis Otieno, aitwaye Sir Elvis, huziimba Nairobi akiwa na kofia pana kichwani, na katika magari ya abiria ya huku bondeni utazisikia Jumapili kati ya nyimbo za injili na za Kipchamba arap Tapotuk. Hakuna tena anayemwona mwimbaji kuwa na kwato. Tunaiona picha yake kwenye simu, basi kazi ya kumwumba imekwisha kufanywa na watu wengine, na sijui kama tumepata faida.

Niliwahi kuwasikilizisha wanafunzi wangu wimbo huu, nikaona nusu ya darasa wanacheka na nusu wanatazama chini. Niliwauliza waliotazama chini. Mmoja alisema, "Mwalimu, watu wataona tulikuwa washamba." Nilijaribu kumpa hoja hizi nilizokuandikia, zikamfaa kidogo. Jioni yake alikwenda kumwuliza nyanya yake, ambaye katika mwaka 1950 alikuwa mtoto mdogo, na siku ya pili akaniletea salamu kwamba bibi angependa kuusikia wimbo huo kwa masikio yake.

Nilikwenda Jumamosi. Tulikaa nje, upande wa jua, na chai ya maziwa. Nilimweleza habari yote ya Rodgers, na reli yake, na kifua chake, na Pan wa Wayunani. Alinisikiliza kwa adabu. Nilipofika kwenye mungu aliweka kikombe chini.

"Mungu?" akasema. "Mwalimu, wasichana wakubwa wa zamani walimwimba kila mtu. Waliimba karani, waliimba askari, waliimba mwenye duka. Mwenye duka naye walimwabudu?"

Mjukuu wake akacheka, safari hii bila kutazama chini. Ndipo nikauwasha wimbo. Kogo aliinamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho, akaomba urudiwe. Mara ya pili midomo yake ilikuwa ikiitikia, kwa chelezo kidogo, kama mtu ajaribuye njia aliyoipita zamani. Mimi nilingojea aseme lolote juu ya Chemirocha, na kalamu ilikuwa tayari mkononi.

"Hawa ni wa Bureti," akasema. "Sikia wanavyovuta maneno." Halafu akaniomba niurudie mara ya tatu, kwa sababu kulikuwa na msichana mmoja, wa nyuma kabisa, ambaye alitaka kumsikia vizuri.